Kamera Isiyobakisha Kitu

Mwezi uliopita nilimkabidhi Yusuf funguo za studio pale Iftin, mjini Garissa, nikapanda basi, nikarudi kwetu Wundanyi. Nilidhani nimemaliza. Lakini siku ile ya kuagana mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu kwa nini nilishikilia filamu mpaka maduka ya Nairobi yakaacha kuziagiza, ilhali kamera ya dijitali niliishika mkononi kabla nusu yenu hamjazaliwa. Nilicheka, nikasema mkono ulikuwa umezoea. Nilidanganya. Ukweli ni mrefu kidogo, na sasa nina nafasi ya kuuandika, kwa sababu huku milimani mvua inanifungia ndani na hakuna hata mtu mmoja anayeniita Bicha, neno picha kwa ulimi wa Kisomali.

Habari za mshahara sitaziandika. Za vyeo pia, maana studio ilikuwa na watu wawili tu, na mmoja alikuwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Mzee Athman, Mbajuni wa Faza aliyefika Garissa na kamera moja na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Nilipofika kwake mwanzoni mwa miaka ya tisini hakuniuliza kama najua kupiga picha. Alinipa jerikeni akanituma mtoni. Nikarudi na maji ya Tana, mekundu vile mnavyoyajua, nikayatua mbele yake nikijiona nimemaliza kazi. Akanionyesha kipande cha shabu, akanionyesha namna ya kukizungusha ndani ya maji, kuyaacha yatulie, kisha kuyachuja kwa kitambaa cha kanzu kuukuu. Siku ya kwanza yote niliimaliza kwenye maji.

"Hutamwosha mtu uso kwa tope," aliniambia. Hilo ndilo lilikuwa somo, na hakulirudia.

Somo la pili lilikuwa joto. Dawa ya kusafishia filamu haitaki joto la Garissa. Mchana ukijaribu, filamu inatoka imekwaruzika yenyewe na utando wake unameguka. Kwa hiyo tuliweka maji ya dawa kwenye mtungi uliofungwa gunia bichi, tukasafisha picha alfajiri, kati ya adhana na jua. Mpaka leo naamka saa hiyo. Sina la kufanya nikiamka, lakini naamka.

Somo la tatu ndilo la maana katika habari hii. Kila filamu iliyosafishwa ilikatwa vipande, ule ukanda tunaouita negativu, ikatiwa kwenye bahasha na kuwekwa sandukuni. Kwa kuwa wateja kumi na watano wangeweza kuitwa Abdi Mohamed, Mzee Athman aliandika majina ambayo watu wenyewe waliitana: Abdi Meno, Abdi Mrefu, Abdi wa Ngamia Mweupe. Picha ilikuwa ya mteja. Negativu ilikuwa ya studio.

"Negativu haitoki nje ya mlango huu," alisema. "Hata akija mkuu wa wilaya."

Nilidhani ni ubahili. Halafu nikaanza kuwaona wanaorudi. Mwanamume anakuja kutoka Wajir, kaka yake amekufa, picha pekee iliyokuwepo imeliwa na mchwa. Mama anakuja, ametoka ng'ambo ya mpaka kwa miguu, na picha ya mwanawe imepotelea njiani. Mzee Athman alikuwa akiuliza jina, anafungua sanduku, na baada ya siku mbili uso unatoka tena. Sijaona kazi nyingine ambayo mtu anaondoka mlangoni akikuombea dua namna ile. Basi nikaishika ile sheria kuliko hata yeye. Macho yalipomwishia akarudi Faza, na huko ndiko alikozikwa. Mimi nikabaki na studio, sanduku na pazia la maporomoko.

Nikabaki peke yangu pia, na hili nitalisema wazi kwa sababu hamkuwahi kuniona hivyo. Mke wangu alikuwa Wundanyi na watoto na shamba. Nilimwona Krismasi, tena si kila Krismasi. Wateja waliingia, wakakaa kwenye kiti, nikawaambia inua kidevu, wakatoka. Nilizijua nyuso za mji mzima na hakuna nyumba niliyojua ndani yake kukoje. Ramadhani nilifunga pamoja na watu, mimi nisiye Mwislamu, kwa sababu kula peke yangu mchana nyuma ya pazia kulinitia huzuni kuliko njaa. Magharibi jirani waliniletea sambusa na tende, nikala nikiwa nimesimama mlangoni, ili nionekane niko na watu.

Aliyekuwa akiniuliza habari zangu kila siku alikuwa mmoja: Habiba, msichana wa Banissa aliyeuza chai ya maziwa ya ngamia nje ya mlango wangu.

"Nabad, Bicha?"

"Nabad, Habiba."

"Nyumbani wameandika?"

"Bado."

"Wataandika. Kunywa chai."

Ni hayo tu, kila asubuhi, kwa miaka mitano. Ninyi mtaona ni maneno machache. Mimi nilikuwa nikiyasubiri tangu alfajiri, mikono ikiwa kwenye dawa.

Ule mwaka wa mvua nyingi, mume wa Habiba aliyekuwa ng'ambo alimtumia karatasi za safari. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku kadhaa aondoke, na kurudi kwake hakuna aliyekujua. Mama yake akashuka kutoka Banissa kwa lori la mbuzi kuja kumuaga. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye hina vidoleni, anayetembea katikati ya barabara bila kujali gari. Habiba alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka, picha ya mama yake. Hakuwa nayo hata moja. Hakuna mtu aliyekuwa nayo.

Mama akakataa. Hakukataa kwa hasira. Alisimama mlangoni mwa studio, akatazama lile sanduku, akanieleza kwa Kiswahili alichookota sokoni.

"Bicha ya Habiba, mimi hapana kataa. Lakini ile ingine inabaki kwa sanduku ya mwanaume. Wewe si ndugu, si mume. Mimi nikifa, uso yangu iko kwako. Hiyo mimi hataki."

"Hooyo, ni kazi yake tu," Habiba alimwambia mama yake.

"Najua kazi yake. Ni mtu mzuri. Hataki."

Alichokisema kilikuwa kweli, nusu ya akina mama wa mji ule walikuwa sandukuni mwangu. Habiba akarudi kwenye birika lake, na siku hiyo hakuniuliza kama nyumbani wameandika.

Kesho yake ndipo alipokuja Kariuki wa stoo. Kariuki alifanya kazi na shirika moja la misaada kule Dadaab, na kila aliposhuka Garissa alikuwa na kitu cha kuuza. Safari hii alitoa kwenye mfuko kitu cha kijivu, bapa, kinachotosha kiganjani, kisicho na mahali pa kutilia filamu. Mkubwa wake alikuwa amemwachia alipohamishwa.

"Hii ni dijitali, mzee. Inashika picha thelathini na mbili, nyeusi na nyeupe. Hakuna filamu, hakuna dawa, hakuna kuchota maji. Unaunganisha waya kwa kompyuta, picha hiyo inatoka."

"Negativu je?"

"Ati negativu? Haina. Haibakishi kitu. Ukishatoa picha, unafuta."

Bei aliyotaja niliimudu, kwa hiyo bei haikunisaidia kuamua. Nilimwomba aniachie kwa wiki moja niifikirie, akakubali, maana hakukuwa na mwingine mjini wa kumuuzia. Alinipa na kikalio chake cha kuchajia. Akiwa tayari barabarani aligeuka akasema, "Usiiache bila moto. Inakula hata ikiwa imelala." Nikamwitikia kwa mkono.

Mimi hununua vitu polepole. Kamera ya filamu niliyoachiwa na Mzee Athman niliishika mwezi mzima kabla ya kuiamini. Hii nayo niliiweka mezani nikaizunguka. Upande mmoja, ingenitoa kwenye jerikeni na shabu. Nyeusi na nyeupe haikunitisha, ndiyo niliyokuwa nikisafisha mwenyewe, ya rangi tulipeleka Nairobi. Upande wa pili, haikuwa na kioo cha kukuonyesha ulichopiga, na kompyuta yenye kuielewa ilikuwa ofisini kwa Kariuki, Dadaab. Kamera ambayo ukitaka kuona picha lazima usafiri na msafara wa polisi ni kamera ya mtu mwenye subira. Ningeirudisha. Kilichonizuia ni yale maneno ya Kariuki kwamba haibakishi kitu.

Nikatoka nje nikamwambia Habiba. Habiba akamweleza mama yake kwa Kisomali, kwa muda mrefu. Mama akaingia, akaigeuzageuza ile kamera, akatikisa kichwa kuelekea sandukuni.

"Hakuna ya kubaki?"

"Hakuna, mama."

"Wallahi?"

Mimi siapi, lakini nilijibu ndiyo kwa moyo wote.

Alikaa kwenye kiti mlango ukiwa wazi na pazia la mlangoni limefungwa juu, Habiba amesimama nje akimmiminia mteja chai, ametupa mgongo. Nikaiweka kamera jichoni. Kidole gumba changu kikaenda chenyewe kutafuta mkono wa kuvutia filamu, kikapapasa, kikapapasa tena.

"Unatafuta nini?" mama akauliza.

"Mkono wa kuvuta filamu. Hauko."

Akacheka. Alicheka kwa meno yote na pengo moja la pembeni, macho yamefinywa, mkono wenye hina umepanda nusu ili kufunika mdomo na haujafika. Nikabonyeza. Habiba alipogeuka, mama yake alikuwa tayari ameukaza uso wake. Akauliza, "Tayari?" Nikasema tayari.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mlielewe kosa lenyewe kwa sababu ni la mtu wa filamu, ninyi hamwezi kulifanya. Kwetu sisi picha ikishapigwa imepigwa. Filamu unaweza kuitia mfukoni miezi mitatu, na uso utakungojea mle gizani. Haili, hainywi. Nilijua betri ya ile kamera ingeisha, ni betri. Tochi ikiisha betri unachaji, inawaka. Sikufikiria zaidi ya hapo. Nilikitoa kikalio ukutani nikakitia kwenye begi, nikapanda lori la unga lililokuwa likiongozana na msafara, nikaelekea Dadaab.

Ni safari ya nusu siku. Mvua ikaifanya ya siku tatu. Lori lilizama kwenye laga, ule mkondo ambao mwaka mzima ni mchanga na siku hiyo ulikuwa mto, na msafara wote ukangoja nyuma yetu. Nilikaa juu ya magunia chini ya turubai, kamera nimeifunga kwa karatasi ya nailoni, nimeitia ndani ya shati. Wenzangu walishuka kusukuma, mimi nikakataa, wakanicheka. Niliona fahari kwamba halikuingia hata tone moja. Siku tatu niliikumbatia nikiikinga mvua, na wakati wote ilikuwa ikifa kifuani mwangu.

Kariuki aliunganisha waya. Kamera haikuamka. Akaiweka kwenye kikalio, ikaamka, akatazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Ulipiga ngapi?"

"Moja."

"Inasema nafasi zote thelathini na mbili ziko wazi." Alijaribu tena, akafunga, akafungua. "Si nilikuambia inakula hata ikilala? Moto ukiisha, inasahau."

"Nilijua itakufa. Sikujua itakufa na picha."

"Pole, mzee." Akachomoa waya. "Lakini yenyewe ni nzima. Utachukua?"

Nilirudi Garissa zikiwa zimebaki siku mbili Habiba aondoke. Nilitamani lori lizame tena. Habiba aliniona nikishuka, akaja na kikombe mkononi, na uso wangu akausoma kabla sijafungua mdomo.

"Imepotea," nilisema. "Ni kosa langu."

Hakunilaumu. Aliketi kwenye kile kidebe chake, akajifunika uso kwa shungi, akalia kimya mbele ya wateja, na mimi nikasimama pale nimeshika begi. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilikuwa na uzito wake. Mtu mmoja katika mji ule alikuwa akiniuliza habari zangu, na hicho ndicho nilichompa cha kuondoka nacho.

Mama yake alimsikiliza, kisha akaniuliza mimi.

"Hakuna ya kubaki?"

"Hakuna, mama. Hata hiyo yenyewe."

"Basi hujasema uongo." Akaitazama kamera ya Mzee Athman juu ya miguu yake mitatu. "Hii ya zamani, ile inabaki, ni kitu ya kushika?"

"Ni kipande cha filamu. Kidogo, hivi."

"Basi nipe mimi."

Mtaona ni jambo la kitoto. Lakini niliposikia nilikuwa kama mtu aliyeambiwa auze mlango wake. Tangu nianze kazi hakuna negativu iliyotoka pale. Nilikuwa nimezunguka meza nikipima mashine, nimekwenda Dadaab na kurudi, na kumbe kilichotakiwa ni mkasi. Haukuwahi kunijia akilini. Sheria ya Mzee Athman ilikuwa imeniingia kiasi kwamba sikuiona tena kama kitu kinachoweza kuvunjwa.

"Nitakupa," nikasema.

Nilimpiga picha moja. Safari hii hakucheka. Alitazama kamera moja kwa moja, mdomo umefungwa, mikono magotini, na Habiba amesimama karibu nami. Alfajiri nikasafisha. Nilipotia karatasi kwenye dawa, yalitangulia macho, kwa sababu sehemu nyeusi hutangulia, kisha kivuli cha shungi, kisha ule mstari wa katikati ya nyusi, na mashavu mwisho. Nimeosha maelfu ya nyuso na huo ndio ninaoweza kuufuata hatua kwa hatua mpaka leo. Nikachapa picha moja.

Nilikuwa na karatasi nyingine mkononi. Nawaambia kwa sababu najua mtauliza. Chumba kimefungwa, hakuna anayeniona, na sababu ninayo nzuri: watu hurudi, picha hupotea. Niliishika ile karatasi mpaka dawa ikaanza kuchoka. Kisha nikairudisha kwenye pakiti. Nikakata negativu kutoka katikati ya ukanda, nikamkabidhi mama mlangoni. Aliishika juani, akajiona mweusi mahali peupe, akasema kitu kwa Kisomali, akaitia kwenye kile kimfuko cha ngozi alichovaa shingoni, pamoja na aya zake. Habiba akaichukua picha akaiweka ndani ya Kurani.

Akaondoka siku iliyofuata. Mama naye akapanda lori la Banissa. Kariuki alipokuja nikamrudishia kamera yake, akaniambia nitajuta, dunia inakwenda huko. Alikuwa sahihi kuhusu dunia. Asubuhi iliyofuata nilitoka nje saa ya chai, nikakuta alama ya mviringo ya jiko lake ardhini, na sikuweka mtu mwingine pale. Miaka ilipita na kamera zikawa bora, zikapata kioo, zikapata kumbukumbu isiyosahau, nami kila mara nilikuta sababu ya kungoja. Hiyo ndiyo sababu, vijana. Sikuwa na ushindani na dijitali. Nilikuwa nimembeba mtu kifuani siku tatu nikamfikisha hayupo.

Wiki mbili kabla ya kustaafu simu ililia, namba ndefu ya ng'ambo.

"Nabad, Bicha?"

Niliijua sauti kabla hajajitaja. Aliniuliza kama nyumbani wameandika, nikamwambia siku hizi hakuna anayeandika, na mke wangu nilimzika mwaka juzi. Akaniombea. Kisha akaniambia hooyo naye alifariki Banissa, na alizikwa kabla yeye hajapata hata habari. Na ile picha ilikuwa imeharibika zamani, bomba lilipasuka nyumbani kwake, karatasi zote zikashikana.

"Nilijua wewe hutupi kitu," alisema. "Nichapie nyingine."

Nilimkumbusha kwamba negativu nilimpa mama yake. Alikuwa amesahau ule mkasi, alikuwa msichana na alikuwa anaondoka. Kile kimfuko cha ngozi ndugu zake hawakujua kimekwenda wapi. Nilikuwa nimekaa na sanduku miguuni, bahasha imeandikwa Mama Habiba kwa mwandiko wangu, na ndani yake hakuna kitu. Nilisikia watoto wakisema lugha nyingine nyuma yake.

"Basi niambie alikuwaje," akasema.

Nikamwambia. Nilianza na macho, kwa kuwa ndiyo yaliyotangulia, nikaenda na shungi, nyusi, mashavu, polepole, na yeye akisema ndiyo, ndiyo. Nilipomaliza akasema hivyo ndivyo anavyomkumbuka, mkali. Akauliza kama niliwahi kumwona akicheka, kwa sababu yeye kila akijaribu kuuona uso wa mama yake unakuja umefunga mdomo.

Nikamweleza ile picha ya kwanza, iliyopotea. Nikamweleza kidole changu kinachopapasa, na pengo la pembeni, na mkono wenye hina uliopanda nusu.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa unalia," nilisema. "Na sikuwa na cha kukuonyesha."

Akaniomba nimweleze tena.